Kibuyu Kutoka Merigi

Sijawahi kuipenda pikipiki. Naiendesha kwa sababu ya kazi, na nikisikia watu wakisifia raha ya safari ndefu natamani niwapitishe milima ya Kericho alasiri, mvua ya mawe ikiwapiga vidole.

Siku hiyo nilikuwa natoka Merigi na kibuyu cha mursik, maziwa ya kuchacha. Baba alikuwa mgonjwa nyumbani kwetu, kule chini karibu na ziwa, na alikuwa amekataa chakula. Uji aliutema. Samaki hakutaka hata kumwona. Alikuwa ameanza kugawa nguo zake, na koti lake zuri tayari alikuwa amempa kaka yangu. Kitu pekee alichokitaja kwa hamu ni maziwa ya jirani yetu wa zamani, bibi wa Kikipsigis aliyetulisha tukiwa watoto, baba akiwa fundi wa kiwanda cha majani chai. Maziwa hayo huchachia ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa, yakawa mazito, ya kijivujivu.

Kogo, kama tulivyomwita bibi huyo, alinikabidhi kibuyu kwa mikono miwili.

"Mfuniko usikaze sana," akasema. "Hii maziwa inapumua."

Nikaitikia. Lakini nilipofika nje ya lango niliyafikiria mashimo ya barabarani, nikaufunika mdomo wa kibuyu kwa nailoni na kuukaza kwa mpira wa tyubu. Kisha nikakifunga mgongoni kwa leso, kama mtoto.

Mvua ilinikuta nimeshapita Litein. Upepo ulikuja kwanza, ukanisukuma mpaka ukingoni, halafu yakaanza mawe. Nilijibanza kwenye kibanda cha kuuzia majani chai pamoja na akina mama waliokuwa wakitazama mashamba yao yakichanwachanwa.

"Hapo hakuna kuchuna tena mwezi huu," mmoja akasema, wala hakuinua sauti.

Nilikuwa nimejiandaa kulalamika kuhusu mgongo wangu. Nikamsogelea, nikatazama mashamba pamoja naye.

Sosiot niliipita kwa ukungu, taa ikinionyesha matope tu. Nilichoka hadi nikaacha kuogopa malori. Kwenye mteremko wa Soin mawingu yakabaki juu, joto likapanda, na nguo zikaanza kunikauka mwilini. Nilikuwa nimeanza kupumua vizuri niliposikia mlipuko mgongoni. Mfuniko uliruka, na maziwa yakanitiririka hadi kwenye viatu. Nilisimama kando ya barabara nikalia kwa hasira, mtu mzima mimi, ng'ombe wakinitazama. Ndani hakikuwa kimebaki hata kikombe kizima.

Nilipofika, baba alikuwa amelala akitazama ukuta. Nilisimama mlangoni nikinuka uchachu na moshi. Akageuka polepole, akanusa.

"Nyara," akaniita kwa Kijaluo, yaani binti yangu, kama afanyavyo akiwa na furaha. "Ulikaza?"

"Nilikaza, baba."

Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, na mama akaja mbio kutoka jikoni.

"Sisi watu wa ziwa hatusikiangi," akasema. "Mimi ilinilipukia ndani ya kanisa, na suti mpya."

Tulimwinua. Akanywa yaliyobaki kidogo kidogo, hadi masharubu yakashika vipunje vya mkaa. Akaninyooshea kikombe.

"Ingine?"

"Imeishia barabarani, baba."

"Basi kesho ukirudi, usikaze."

Nilikuwa sijasema narudi. Vidole vilikuwa bado havikunjuki, na mgongo ulikuwa umekufa ganzi. Kabla sijajibu alikuwa ameshamgeukia mama.

"Na huyo kijana arudishe koti langu," akasema. "Asubuhi hapa kunakuwanga na baridi."

Mama alinitazama, akashika mdomo. Nikatoka nje kuangalia kama pikipiki ilikuwa na mafuta.