Marahaba Isiyo na Shikamoo

Mtaani walimwita Mama Mkwe, na hakuwa na mkwe hata wa kusingizia. Mtoto wake mmoja tu, wa kike, alikuwa bado darasa la sita. Jina alilipata kwenye runinga. Kila jioni baada ya taarifa ya habari ilianza tamthilia ya nchi moja kubwa ya mbali, na yule mama mkwe katili mwenye lulu shingoni alizungumza Kiswahili kwa sauti ya huyu wa mtaani. Muuza mkaa akimwona anapita humwomba amtukane kidogo tu, kama anavyomtukana yule mkwe wa runingani. Naye humtukana, watu wakacheka, akaenda zake. Siku hizo alikuwa bado anacheka.

Kazi yenyewe aliifanya kwenye chumba kidogo kama stoo, kuta zimebandikwa sponji. Unavaa spika za masikioni, unamkazia macho mwanamke wa kigeni. Akifungua mdomo nawe unafungua, akifumba umeshamaliza. Sheria ilikuwa hiyo moja, na ndiyo iliyoleta balaa lote. Mkwe akiingia sebuleni, mdomo wake ulicheza mara moja, akaketi. Mwanzoni mfasiri aliandika, "Shikamoo, mama." Fundi mitambo akasimamisha mashine.

"Mwenzio keshafumba mdomo, wewe ndiyo kwanza uko njiani," akamwambia msichana aliyekuwa sauti ya mkwe.

Wakacheka wote, wakaifuta shikamoo. Marahaba nayo ikafuata, maana utaitikia nini? Halafu ikaondoka karibu, ikaondoka pole na kazi, zikaondoka za tangu asubuhi. Ilipopita miezi michache, watu wa tamthilia ile walikuwa wanaingia na kutoka kwenye nyumba za wenzao kama kuku, tena kwa Kiswahili safi kabisa.

Nyumbani aliishi na binti yake na mama yake mzazi. Macho ya yule kikongwe yalikuwa yamekufa zamani, na masikio hayakuwa mazima. Alishinda kwenye kiti karibu na runinga, sauti wameifungua mpaka mwisho, kwa hiyo nyayo za mtu hakuzisikia. Watu wa nyumba aliwajua kwa salamu. Ukimshika mkono ukasema shikamoo, umefika. Usipomwamkia, kwake hupo.

Jioni moja Mama Mkwe alirudi kutoka kazini akamkuta mama yake amesimama, ameshikilia ukuta.

"Mtoto hajarudi shule mpaka saa hizi. Nenda kamtafute, mwanangu."

Mtoto alikuwa amekaa kwenye zulia, karibu na miguu ya bibi yake, sare bado mwilini, anakula mkate na kutazama runinga.

"Wewe, hujamwamkia bibi yako?"

Binti akainua kidevu, macho hayajatoka kwenye runinga. "Sina muda wa maneno."

Lilikuwa neno la mama mkwe wa runingani, lile analomkata nalo mkwe wake kila mara. Kidevu kilikuwa cha yule mwanamke wa lulu. Sauti ilikuwa ya mama yake mwenyewe, ile ya kushuka mwishoni, aliyoirudia studio mpaka fundi akasema hapo hapo, usibadilishe. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Hawakusema ufanye nini ulimwengu ukimfunza kwa sauti ya mamaye.

Hasira ilimpanda. Hakumchapa. Atamchapaje mtoto kwa kurudia maneno ambayo yeye analipwa kuyasema? Akamrudisha mama yake kitini, akamwambia mtoto yupo, usijali, kisha akaenda uani akasimama peke yake huku ameshika ndoo tupu.

Maana hakuwa wa kwanza ukoo huo kupokonywa kitu mdomoni. Mama yake, alipokuwa msichana, alivikwa kibao shingoni shuleni kwa kusema lugha ya kwao. Nchi iliyotawala wakati ule ilikuwa nyingine, si hii ya tamthilia, yenye nguvu zake. Kibao ulikivua kwa kumnasa mwenzako akisema lugha ya kwao, naye akivaa, na aliyekutwa nacho jioni alikula viboko. Watoto wakajifunza kuviziana. Hadi uzee ule, bila macho, aliweza kuimba mwanzo mpaka mwisho wimbo wa kuusifu mto ambao hajawahi kuuona. Wimbo wa mama yake mwenyewe aliukumbuka nusu.

Baadaye likaja gari la sinema, likatundika shuka jeupe kwenye ukuta wa ghala, na kwenye shuka lile askari wa kigeni walishinda kila vita. Hawajaondoka vizuri, wakaja mahasimu wao na majarida ya bure, karatasi nene, wanawake wanacheka juu ya trekta. Mama Mkwe mwenyewe akiwa mdogo alifunikia madaftari yake majarida hayo, na hakuna aliyemlazimisha, karatasi ilikuwa nzuri. Mkono mtupu haulambwi, na wenye nguvu wanaijua methali hiyo kuliko sisi tulioitunga.

Na hawa wa sasa? Waliipa stesheni tamthilia bure, kwa sharti moja, ionyeshwe saa ambayo familia imekaa pamoja. Saa hiyo ilikuwa ya kikundi cha michezo ya kuigiza cha stesheni, ambacho Mama Mkwe alikuwa mwigizaji wake tangu usichana. Kikundi kilivunjwa kwa soda na keki, wakapigiwa makofi. Wale wa zamani walihitaji mwalimu wa kushika kiboko. Hawa hawakuhitaji kiboko, walimwajiri yeye. Kikulacho ki nguoni mwako, na safari hii nguo ilikuwa yeye.

Wiki iliyofuata alimkabili msimamizi wa studio. Huyu alikuwa mtoto wa nyumbani, alipelekwa kusoma kwenye ile nchi kubwa akarudi na tai nyembamba na neno "wenzetu". Mbele yao kwenye skrini mkwe alikuwa anaingia sebuleni, na mama mkwe amesimama dirishani. Wote wawili wamewapa watazamaji mgongo.

"Hapa midomo haionekani," Mama Mkwe akasema. "Turudishe shikamoo. Hapa tu."

"Kwenye maandishi haipo, dada."

"Haipo kwa sababu tuliitoa sisi."

"Wenzetu wanakagua. Wanataka walichokiandika wao."

"Wenzetu tangu lini? Wameshawahi kukuamkia?"

"Dada yangu, punguza. Hasira hasara."

"Hasara nimeshaipata. Imekaa kwangu kwenye zulia, inakula mkate."

Msimamizi akatazama saa, akatoka kwenda kuongea na simu. Wakaanza kurekodi. Mkwe akaingia sebuleni. Yule msichana aliyekuwa sauti yake alikuwa mwoga, alisoma alichoandikiwa, na hapo hakuandikiwa kitu. Kikapita kimya. Mama Mkwe akasogea kwenye maikrofoni.

"Marahaba," akasema. Hakuisema kwa sauti ya katili. Aliisema kwa sauti yake, ile ya michezo ya kikundi enzi zile.

Fundi mitambo aliinua macho nyuma ya kioo. Wakatazamana. "Kinachofuata," akasema, akaendelea na kazi.

Siku ya kuonyeshwa, Mama Mkwe alikaa mlangoni anakunja nguo. Binti yake alikuwa ameingia kimya kimya kama kawaida, ameketi. Bibi yuko kitini. Kwenye runinga mkwe akaingia sebuleni, kikapita kimya.

"Marahaba."

Kikongwe akainua kichwa. "Nani kamwamkia?"

"Hakuna, mama."

"Sasa anamwitikia nani?"

Binti aliacha kutafuna. Simu ya Mama Mkwe ikaanza kulia, ni msimamizi, akaiacha ilie. Alijua atakachoambiwa. Alijua pia kwamba mwanamke wa lulu hatakosa sauti nyingine, na kwamba kesho saa ile ile kila sebule itakaa kumsikiliza. Hakuwa amesimamisha chochote, na hilo lilimchoma kuliko kuipoteza kazi yenyewe.

"Na mtoto naye," bibi akasema, "ndiyo hajarudi tu?"

Binti akamtazama mama yake. Mama hakumsaidia, hasira yake ilikuwa bado mbichi. Basi mtoto akajikokota kwenye zulia, akaushika ule mkono wenye mikunjo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Kikongwe akampapasa uso wote, paji, mashavu, kidevu. "Ulikuwa wapi siku zote hizi?"