Filamu ya Mnyonya Damu Tuliyoitazama Pasiansi

Dada yangu ndiye aliyetaka twende. Mimba yake ilikuwa kubwa, miguu imevimba, amechoka kukaa ndani, na pale Pasiansi palikuwa pamefunguliwa banda la video. Miaka ile biashara ilikuwa imeachiwa huru. Aliyepata televisheni na deki alisimamisha mabati, akaziba madirisha kwa magunia, akawa na sinema yake. Tuliingia Jumamosi mchana, nje jua kali, ndani giza na joto la watu.

Filamu ilikuwa ya zamani, isiyo na rangi. Mwenye banda alisimama kando ya televisheni akitutafsiria kwa sauti ya juu. Nilitegemea meno na damu, lakini damu hatukuiona hata tone. Mnyonya damu mwenyewe alikuwa bwana mtanashati, mpole, aliyepiga hodi na kusubiri mpaka akaribishwe. Baba mwenye nyumba akamkaribisha. Tangu hapo, kila kulipokucha, binti wa nyumba ile aliamka amepauka kuliko jana. Walimletea supu, wakamfunika blanketi. Mama yake alimshika mkono, akamwuliza, "Umelalaje, mwanangu?" Naye akajibu, "Vizuri, mama."

Sisi tulijua. Banda zima lilijua. Mwanamke mmoja nyuma yetu alipiga kelele, "Mama, funga dirisha hilo!" Watu wakacheka, kisha wakanyamaza, maana yule mama alikuwa anazima taa aende zake.

Njiani nilimwambia dada kwamba sikuona cha kutisha, bwana mwenyewe ungeweza kumpa chai.

"Yeye hatishi," alisema. "Wanaotisha ni wale wa nyumbani. Wanampenda binti yao, wamemzunguka, na bado anaisha mikononi mwao."

Siku zake zilipofika, alijifungua hospitalini mtoto wa kiume, mzima kabisa, mwenye sauti. Damu yake dada ndiyo haikukoma. Asubuhi daktari alitutoa nje ya wodi, akatuambia anahitaji ndugu wa kumtolea damu, na upesi. Mimi nilikimbilia kupimwa. Kundi langu halikupatana na lake. Mama alikuwa na upungufu wa damu yeye mwenyewe, wakamkatalia. Mume wa dada alikuwa machimboni, hatukujua hata tumtafutie wapi. Tulibaki na mjomba, kaka yake mama, aliyekuwa amevuka kwa feri kutoka Sengerema kuja kumwona mtoto. Mtu mwenye afya, mfugaji, mikono kama magogo.

Nikapiga magoti mbele yake. "Mjomba, nakuomba. Ni mtoto wa dada yako."

"Mumiani ndivyo wanavyoanza, mwanangu," alisema. "Wanasema chupa moja." Hakuwa mkatili. Alikuwa amekua akisikia habari za watu wanaokamatwa na mumiani na kukamuliwa damu, na hofu ya umri wote ule ikamzuia.

Nikarudi kwa dada. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu, na kucha pia. Nikamwuliza anajisikiaje, akasema, "Vizuri." Hapo ndipo filamu ile iliponitisha. Nilikuwa nimekaa palepale alipokaa yule mama, nimeshika mkono, naona kila kitu, na mkono wangu haufai kitu. Nilimfunika. Nilimpa uji, akaunusa tu.

Mchana mjomba aliingia chumba cha maabara bila kuaga mtu, akakunja shati. Damu yake ilipatana. Chupa ilitundikwa, nikaitazama ikishuka tone kwa tone, nikitamani kuikamua kwa viganja. Ilikuwa haijafika nusu dada alipoacha kunibana vidole.

Mtoto tulimlea sisi, Buhongwa, kwa mama yetu. Mjomba alileta maziwa kila alipovuka, akakaa uani akimtazama, hakumbeba. Siku moja aliniuliza, akiwa ameelekeza macho barabarani, "Kama ningetoa asubuhi?"

Nilikuwa nimeshamwuliza daktari swali hilohilo, naye alitikisa kichwa, akasema hajui.

"Sijui, mjomba," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kukaa.