Mikono Chini ya Kitambaa Cheusi

"Nimezaliwa hapa Kindu, na leo munasema niko mugeni?" mpagazi wa stesheni alifoka, mikono yake minene ikikunja na kukunjua kofia, desturi yake akiudhika. Mchezo wa sikukuu ulitaka shujaa anayeruka angani, naye alikuwa ameiomba nafasi hiyo. Katibu wa Chama akacheka: "Shujaa wa Zaïre awe mutoto wa Munyarwanda, tena asiyeimba sifa za Chama? Mupwa wangu njo ataruka, hapana wewe. Wewe utamuinua, watu wasikuone." Siku ya mchezo, Mama Aziza, mshonaji, ndiye aliyemfunika mpagazi kwa kitambaa cheusi. Aliiona mikono ile ikimshikilia mpwa juu, ukumbi mzima ukipiga makofi, wala haikumwangusha. Kesho yake mpagazi akamletea kuku, deni la kushonewa suruali. "Rudi naye, kaka," Aziza akasema. "Jana walikulipisha vya kutosha."