Namba Isiyogawanyika kwa Nne

Baba yangu, Saidi, alikuwa kibarua wa reli. Kipande chake kilianzia nje kidogo ya stesheni ya Kigoma na kwenda bara, na kila alfajiri alikitembea kwa miguu akiwa na nyundo ya mpini mrefu. Anagonga reli, anainamisha kichwa, anasikiliza. Reli nzima hulia mlio mrefu unaokwenda na kupotea. Yenye bolti iliyolegea hukohoa. Akisikia kikohozi anapiga magoti, anatoa spana.

Siku moja nyapara akamwambia, mimi nikiwepo na kikapu cha chakula, "Saidi, unatuchelewesha. Gonga moja, ruka tatu."

Baba akamtazama. "Treni nayo itaruka tatu?"

Nyapara akacheka, na vibarua wote wakacheka, lakini mwezi ule baba alihamishiwa kuchimba mitaro. Mama alimsema sana. Alikuwa anakamua mawese, na nakumbuka alimwambia huku mikono imejaa mafuta mekundu, "Mdomo wako ndio utakaotuua na njaa." Hatukufa. Mawese yenyewe siku hizi si kama yale, lakini hiyo ni habari nyingine, nitasahau nilikokuwa.

Mimi niliacha shule darasa la nne. Nasema mapema ili msomi asije akanisumbua na tahajia. Kazi niliyoifanya maisha yangu yote ni udresa. Nyinyi hamna tena neno hilo. Dresa alikuwa mtu wa kuosha vidonda, kufunga bendeji, kuchemsha sindano, na kupima mapigo ya moyo kwa vidole na saa.

Siku ya kwanza hospitalini nilivaa shati la kuazima. Sista Mkuu, mama mmoja mnene wa Bukoba aliyetembea kama anasukuma mlango, alinikabidhi beseni, halafu akanishika mkono, akaugeuza.

"Unaitwa nani?"

"Yahaya, Sista."

"Yahaya, mapigo hayapimwi kwa dole gumba. Dole gumba lina mapigo yake, litakudanganya. Weka vidole vitatu hapa, chini ya kiganja. Tazama saa. Dakika nzima."

Nikahesabu. Nikasema sabini na tano. Akaniambia rudia. Nikarudia mara sita siku ile, kwa wagonjwa sita, na kila mara alihesabu yeye upande wa pili wa kitanda, mkono wa pili. Nikikosea hata pigo moja, ananirudisha mwanzo. Mgonjwa mmoja, mzee wa Katubuka, akalalamika, "Jamani, moyo wangu mmeshaumaliza kwa kuuhesabu!"

Jambo moja alilonifundisha Sista Mkuu ndilo lililoniondoa kazini miaka mingi baadaye. Alisema, "Moyo wa mtoto mzima hautembei kwata kama askari. Akivuta pumzi, unakimbia kidogo. Akitoa, unapunguza. Unapanda na kushuka kama mtu anayetembea kwenye matuta. Ukikuta mtoto ambaye moyo wake unapiga sawasawa tu kama cherehani, pumzi iende isiende, niite hata kama nakula."

Sikuwahi kumwita akila. Niliwahi kumkuta mtoto huyo, lakini Sista Mkuu alikuwa amekwisha kuzikwa kwao.

Nikatoka hospitali nikaenda zahanati ya Ujiji, karibu na nyumbani, chini ya Mganga Msaidizi aliyependa sana bao. Nikatoka hapo nikapelekwa Katubuka. Halafu Burundi ikawaka moto, na watu wakaja. Wengine kwa mitumbwi, wengine kwa miguu, na magodoro kichwani. Kambi zikafunguliwa ng'ambo ya Kidahwe, upande wa Kasulu, na kila mtu aliyejua kushika sindano akahitajika. Mimi nikachukuliwa kwa sababu mbili: nilikuwa dresa, na nilikuwa Muha. Kiha na Kirundi ni mtu na binamu yake.

Mkuu wetu pale alikuwa tabibu kijana aliyeletwa kutoka Iringa. Tulimwita Bwana Tabibu. Hakuwa mtu mbaya. Alilala saa nne kwa siku, na mstari wa wagonjwa ulianzia mlangoni mwa turubai ukaishia mahali usipopaona. Wiki ya kwanza akatukusanya.

"Wazee wangu, hesabuni mapigo robo dakika, zidisheni mara nne. Andika, mwingine."

Tukafanya hivyo. Kwa mtu wa malaria si vibaya sana. Lakini uvivu ni kama mchwa, hauli siku moja. Robo dakika ikawa mtazamo wa jicho. Sasa naungama jambo ambalo wenzangu wengi wamekwenda nalo kaburini. Tuliacha kugusa mikono. Tulikuwa tunatunga. Mtu mzima, sabini na mbili. Mtoto, themanini na nane. Na uongo wetu ulikuwa na adabu zake: namba ilibidi igawanyike kwa nne, maana robo dakika mara nne haiwezi kuzaa themanini na tisa. Mgeni akiandika themanini na tisa tulimcheka na kumfundisha. Karani mmoja wa kutoka Tabora, ambaye naye alifundishwa kuchoma sindano, hata alitengeneza karatasi ya namba halali, akaibandika juu ya meza ya chai.

Hapo ndipo alipoletwa Keza.

Alikuwa na miaka sita, mwepesi kama kuku wa kienyeji. Mama yake alimbeba mgongoni ingawa alishapita umri wa kubebwa. Alinieleza kwa Kirundi, polepole, kwamba mtoto alizaliwa vizuri, akatembea, akasema *mama*, akasema *amazi*, yaani maji. Alipokaribia miaka miwili maneno yakaanza kumtoka moja moja, kama mtu anayehama nyumba. Halafu mikono. Keza alikuwa anafua. Mikono yake ilisuguana kifuani mchana kutwa, kama anafua nguo ambayo haipo. Akawa anabana pumzi mpaka midomo inageuka rangi, halafu anahema kwa kasi, halafu anapiga kelele. Na miguu yake, jua la saa saba likiwaka, ilikuwa ya baridi na rangi ya zambarau.

"Wakwe walisema nimemloga," mama yake akaniambia. "Wewe unasemaje, muzehe?"

Nikasema, "Mimi ni dresa tu, mama. Kaa hapo." Nikachukua faili, nikaandika themanini na nane. Sikumgusa.

Kesho yake nikaandika themanini na nane. Keshokutwa, themanini na nane.

Bwana Tabibu alimpima, akaandika kifafa na wazimu. Kelele zake ziliwaamsha wagonjwa wengine, wakaanza kulalamika, naye akaagiza sindano ya kutuliza, ile wanayopewa wendawazimu, kila asubuhi. Mimi ndiye niliyechoma ya kwanza.

Alinyamaza kweli. Mikono ikasimama. Mama yake akanishukuru: "Urakoze cane, muzehe." Halafu akamgusa mtoto shavuni, akanitazama, na shukrani ikamtoka usoni.

Nikaweka vidole vitatu. Sikuwa nimefanya hivyo kwa muda mrefu kiasi kwamba nilianza na dole gumba, nikajishika mwenyewe. Nikatoa saa ya ofisi, ya kubana kifuani, nikahesabu dakika nzima.

Ulikuwa cherehani. Tak-tak-tak, sawasawa, pumzi iingie, pumzi itoke, haupandi wala haushuki. Halafu Keza akabana pumzi, na chini ya vidole vyangu pakawa kimya. Nilingoja. Mtu aliyegonga reli na babaye anaujua ule ungojaji. Kisha ukarudi, tak, tak, kwa kujikokota. Dakika ilipoisha nilikuwa na sitini na moja. Nikaiandika.

Saa sita Bwana Tabibu akaja na faili. "Mzee Yahaya, sitini na moja umeitoa wapi?"

"Mkononi mwake."

"Haigawanyiki kwa nne."

"Na yeye hagawanyiki kwa nne, Bwana Tabibu. Nimehesabu dakika nzima. Ile sindano tusimrudie."

Akacheka kwa uchovu. "Mzee, una wagonjwa wangapi nje? Ukihesabu dakika nzima kila mtu, tutamaliza lini?" Akaikata namba yangu kwa mstari mmoja, juu yake akaandika themanini na nane. "Tazama mwenyewe. Siku tatu moyo haujabadilika. Mwandiko ni wako."

Na ulikuwa wangu. Hapo ndipo nilipojua nimejichimbia shimo, nikamtumbukiza mtoto wa watu.

Asubuhi iliyofuata nikakataa kuchoma. Nikamwambia karani wa Tabora naye asichome. Akasema, "Mzee, unatafuta nini? Umebakiza miaka miwili tu kustaafu." Nikamwambia nakitafuta kikohozi. Hakunielewa, akaenda zake. Lakini hakuchoma.

Bahati, siku hiyo ilikuwa ya Daktari Bingwa wa watoto, mwanamke aliyekuja mara moja kwa mwezi na gari lenye mashine. Alipita vitanda kwa haraka, hakuwa na budi. Akafika kwa Keza. Bwana Tabibu akamsomea: kifafa, wazimu, mapigo themanini na nane siku zote, imara kabisa. Akaongeza, "Mzee huyu amegoma kuchoma sindano, tunaomba idhini ya kuongeza dozi."

Daktari akatazama faili. "Moyo uko vizuri. Endeleeni." Akageukia kitanda kinachofuata.

Nikasema, "Daktari, hizo themanini na nane ni za uongo."

Akageuka.

"Nani kaziandika?" Daktari akauliza.

"Mimi. Sikumgusa mtoto. Na siyo hizo tu. Fungua faili lolote humu, na lile la pembeni, na la pembeni yake. Namba zote zinagawanyika kwa nne. Karatasi ya namba iko juu ya meza ya chai, nenda ukaitazame."

Bwana Tabibu akasema kwa sauti ya chini, "Mzee Yahaya, unajua unachokifanya?"

"Najua. Namba moja tu humu ni ya kweli, na wewe umeikata."

Daktari hakwenda kwenye meza ya chai. Aliketi kitandani, akaweka vidole vitatu kwenye mkono wa Keza, vitatu, si dole gumba, na akatazama saa yake dakika nzima. Halafu akahesabu nyingine. Halafu akaagiza mashine. Karatasi ilipotoka tuliiona wote: vilima vidogo vilivyopangwa sawasawa kama mshono, halafu mahali mtoto alipobana pumzi, uwanda mtupu.

Alitueleza pale pale, na nitawaeleza nyinyi kama nilivyoelewa. Kuna mishipa ya fahamu tusiyoiamrisha. Inaendesha moyo, pumzi, joto la miguu, choo, bila kutuuliza. Moyo ukipanda na kushuka na pumzi, ni ishara kwamba mishipa hiyo inazungumza. Kuna ugonjwa adimu wa ubongo, huwapata zaidi wasichana, unaanza mtoto akiwa ameshajifunza kutembea na kusema. Unachukua maneno, unaleta ule ufuaji wa mikono, na unaivuruga ile mishipa. Si wazimu. Si mapepo. Wala mama hakuloga mtu. "Na dawa hii," akasema akiigusa chupa, "kwa moyo kama huu, ni kuuzima." Akaiandikia marufuku kwa wino mwekundu kwenye jalada.

Mama Keza aliniomba nimtafsirie. Nilipofika pale pa *hakuloga*, alikaa chini kwenye udongo. Akasema, "Rudia." Nikarudia. Akasema tena, "Rudia."

Vijana huniuliza kama najuta. Nyinyi mna mashine inayobana kidole na kutoa namba yenyewe, na mnaiandika bila kumtazama mwenye kidole. Huo ni uongo wangu wa zamani uliovaa nguo mpya. Najutia zile themanini na nane tatu. Kusema sijutii, na angetokea mwingine leo ningesema tena, kwa sauti kubwa zaidi. Pensheni yangu ilipungukiwa miaka miwili. Nimekula mihogo na dagaa na bado napanda mlima wa Katubuka bila fimbo. Watu wa Burundi waliporudi kwao, mfanyabiashara mmoja wa Ujiji aliniletea salamu za mama aliyevaa saa ya kubana kifuani kama sista, mwenye binti asiyesema. Baada ya hapo sina habari. Siwezi kuwatungia.

Ile saa nilimpa mimi, mchana ule ule aliokuja Daktari Bingwa. Bwana Tabibu alikuwa ameniambia niketi kwenye benchi, nisubiri kuandika maelezo. Alitaka niandike kwamba nilidanganya kwa mtoto mmoja tu, wengine wasiguswe. Sikumchukia. Nilikwenda kwa Keza kwanza. Mama yake hakujua kusoma saa, kwa hiyo nilimfundisha kufuata mshale mwembamba mpaka urudi ulikoanzia, na kuweka vidole vitatu. Alihesabu kwa Kirundi, kwa sauti, na mimi nikahesabu mkono wa pili. Mara ya nne tulilingana. Nikambania saa kwenye kitenge chake. Nikavua koti jeupe, nikalikunja, nikaliweka kwenye benchi mahali nilipoambiwa niketi.

Getini kulikuwa na daftari la kutoka na kurudi. Mlinzi alikuwa na mazoea ya kujaza saa zote mbili kwa pamoja, ili asisumbuke baadaye.

"Shikamoo, Mzee Yahaya. Unakwenda kula? Nikuandikie kurudi saa nane?"

"Marahaba. Andika nimetoka," nikamwambia. "Hapo pa kurudi paache wazi."

Nikashika barabara ya Kidahwe.