Mteremko wa Mwanafatuma

Baada ya talaka, Mwanafatuma alirudi kwao, kijiji kilichoko chini ya vilima vya Kwale. Alimkuta kaka yake Kibwana akilima vilevile alivyolima marehemu baba yao: anafyeka kichaka, anachoma moto, anapanda mahindi, na udongo ukichoka anahamia kichaka kingine. Vichaka vyenyewe vilikuwa vinakwisha.

“Chukua ule mteremko,” Kibwana alimwambia, akionyesha ardhi iliyochunwa na mvua ikabaki changarawe. “Ni wako maisha. Tusigawane urithi kama watu baki.”

Mwanafatuma aliridhika, hata fungu lake hakulidai.

Jirani yao Kisilu, Mkamba aliyekulia vilimani, alimfundisha kuchimba mitaro ya kukata mteremko, udongo ukirushwa upande wa juu uwe tuta, na tuta lishikwe na mizizi ya mabingobingo, yale majani marefu ya ng’ombe. Viganja vilimtoka malengelenge. Watu walicheka: anamchimbia nani kaburi refu vile? Lakini mvua iliposhuka, maji yalituama mitaroni yakazama polepole. Akatia samadi, akapanda mahindi na kunde palepale kila mwaka, bila kuwasha kiberiti. Udongo ukarudi kuwa mweusi.

Masika ya mwaka jana yalipokaribia, aliupanda mteremko na mbegu zake akamkuta Kisilu shambani, jembe mkononi.

“Kibwana amenikodishia shamba, mama,” alisema, macho chini.

“Na ulijua kwamba ni langu?”

“Nilijua.”

Alimwendea kaka yake, akamkuta barazani anakunywa chai.

“Nilikwambia ulime, sikukupa,” Kibwana alisema. “Ukiolewa tena, shamba liende kwa watu?”

Mwanafatuma hakulia mbele yake. Alikwenda kwa wazee wa mtaa akadai fungu lake la urithi. Walikubali ni haki yake. Ila mipaka aliionyesha Kibwana, naye alichagua korongo lililochoshwa na moto wake, ng’ambo ya yale matuta. Wazee wakapitisha. Mwanafatuma akalipokea.

“Nimekuja kukusaidia, mama,” Kisilu alimwambia siku moja.

“Rudi ukapalilie.”

Alichimba peke yake. Tuta la kwanza lilibomolewa na mvua, akalijenga upya kwa mawe. La pili likashika. Mwaka huu amevuna kunde kidogo. Kibwana akipita hutoa salamu. Mwanafatuma huitikia, maana kuitikia ni wajibu, kisha huinamia jembe. Neno kaka halijamtoka kinywani tena.