Ngoma ya Shaba Iliyomlilia Baba Mudogo

Mpaka leo nikipita sokoni Swima, huku kando ya ziwa, bamama wananiuliza, "Profesa, leo unazika nani?" na mimi nainamisha kichwa, maana aibu ile niliipika mwenyewe, tena kwa moto wa makaa.

Baba mudogo alikuwa mgonjwa, hali chakula, na siku moja akaniambia, "Ulisoma mambo ya ngoma za shaba miaka yote ile, na hata moja hujanionyesha. Fanya mbio, mi niko naenda." Basi nikaamua (uamuzi mdogo tu, nilidhani) kumtengenezea moja ndogo nyuma ya nyumba, kama watu wa kale wa Asia: wanaakiolojia wamekuta vipande vya kalibu zao za udongo, nakshi zimechorwa kinyume upande wa ndani, na udongo umeungua kabisa, alama kwamba kalibu ilichomwa kwanza ndipo shaba ikamiminwa. Hayo niliyajua, niliyajibu hata kwenye mtihani. Lakini kila nikitazama dirisha lake niliwaza, na akifa kesho? Na akifa saa hii? Nikaamua kumimina shaba udongo ukiwa bado na unyevu.

Mchana ule ukungu ulikuwa umelifunika ziwa, hakuna upepo, hata kuku walinyamaza. Nikamimina shaba ya marobine, mabomba mabovu ya maji niliyoyeyusha, nikarudi nyuma, na kalibu ikaanza kuguna polepole, kama mtu anayegeuka kitandani, kisha ikatoa mlio mmoja mzito, buuu, ukaenda juu ya maji, kalibu ikapasuka, shaba ikamwagika mchangani.

Mtaani kwetu ngoma nzito ikilia bila wimbo, ujue mzee ameondoka. Kabla sijapumua vizuri, vilio vikaanza kuja kutoka kwenye ukungu, sauti tupu, watu hawaonekani. Mbele akatokea jirani yetu Mama Riziki, viatu mkononi, "Yooo, baba yetu ametuacha!" na mimi badala ya kusema ukweli nikakimbilia ndani kuhakikisha (labda amekufa kweli, labda kalibu yangu imemuua).

Alikuwa amekaa kitandani, macho wazi.

"Banalia nani?"

"Banakulilia weye, baba."

Akajifunga blangeti, akatoka mlangoni. Bamama wakakimbia wakikanyagana, Mama Riziki akaanguka kwenye udongo wangu.

"Na weye," baba mudogo akamwambia, "unanililia bila machozi!"

Alipona, sasa anakula kunishinda. Lakini jioni ile aliniuliza ngoma ililia mara ngapi. Nikamwambia mara moja, kisha ikapasuka.

"Mi nilisikia mara mbili," akasema. "Ya pili ilitoka ziwani, ikaniita. Nilikataa kuitika."

Mimi nasema ni mwangwi, nawaambia watu wote ni mwangwi. Ila shaba sitayeyusha tena, hata mkinipa udongo mkavu wa dunia nzima.