Dishon Aliwasili Kabla ya Kufika

Jirani yangu Mzee Zedekiah ana miaka themanini na saba, na kwake yeye hakuna mtu anayekuja mtaani kwetu Kaloleni. Watu wote huwasili.

Ni tabia ya ujanani. Alipokuwa karani wa reli alipelekea gazeti moja la kila wiki habari za mtaa. Siku hizo mtu akishuka garimoshi na sanduku la mbao tu, gazeti liliandika: "Bw. Fulani aliwasili salama kutoka Butere, akalakiwa na Bw. Fulani na Bw. Fulani." Alikuja kufanya nini? Hiyo si shughuli yako. Fundi viatu aliwasili. Mpishi akitoka likizo, aliwasili. Na hakuna aliyewasili bila watu wa kumlaki.

Gazeti lilikufa, Mzee hakuacha. Kila Jumamosi hubandika karatasi kwenye ubao wa ukumbi wetu. Hata mimi nilipotoka hospitali kupasuliwa, nilisoma kwamba "Mama Marion, muuza mandazi, aliwasili salama." Nilicheka hadi nyuzi zikauma. Halafu nikarudi kuisoma tena.

Basi Jumamosi iliyopita karatasi ikasema: "Bw. Dishon aliwasili Jumapili kutoka Tassia, akalakiwa na baba yake mzazi na halaiki ya majirani." Jumapili yenyewe ilikuwa kesho! Mzee hakuona ajabu. Zamani posta ilikuwa ya kobe, kwa hivyo waliandika habari ya mgeni kabla hajafika, na wageni wa siku hizo walikuwa na adabu, walifika.

Dishon ni mwanawe wa pekee. Hawakuwa wamesemezana miaka sita, tangu Dishon afagie nyumba na kugawa magazeti yote ya zamani ya baba yake yakafungiwe mandazi. Mandazi yangu. Sikujua ni ya Mzee. Sawa, nilijua kidogo. Sasa Dishon alikuwa ametuma ujumbe: "Huenda nikaja Jumapili." Hilo "huenda" Mzee aliliruka kama dimbwi.

Jumapili saa nane niko kwa Mzee, hakuna Dishon. Opicho kinyozi akapiga kelele dirishani: "Mzee, huyu aliwasili kwa njia ya hewa? Mbona hatumwoni?"

"Bandua hiyo karatasi, Mzee," nikamwambia.

"Sijawahi kukanusha habari yangu," akasema. Chai yake ilikuwa imepoa, hajaigusa.

Nikapita ukumbini, nikabandua karatasi mwenyewe, nikaenda Tassia.

Dishon nilimkuta ghorofa ya nne, yuko na fulana, anafua.

"Mama Marion! Karibu."

"Sikaribii. Vaa shati. Umeshawasili."

"Nimewasili wapi?"

"Nyumbani. Mtaa mzima umesoma. Imebaki miguu yako tu."

"Mzee atanifukuza. Yale magazeti..."

"Yale magazeti nilifungia mandazi mimi, na bado ananisalimia."

Akaichukua karatasi kwa mikono yenye povu. Akaisoma polepole kama barua ya benki. "Ameandika Bwana," akasema.

"Na herufi kubwa. Twende."

Tulipofika, nikamwacha Dishon langoni, lakini Mzee akagoma kuinuka kitini. "Mtoto ndiye humfuata baba. Aingie."

"Haiwezekani," nikasema, nikamwekea karatasi magotini. "Hapa imeandikwa 'akalakiwa na baba yake mzazi.' Nimwite Opicho akamlaki kwa niaba yako?"

Akanikazia macho. Kisha akaomba koti.

Majirani walikuwa wameshajaa langoni, maana Kaloleni halaiki haiitwi mara mbili. Dishon alisimama katikati, sabuni imemkaukia kwenye kiwiko. Mzee akamnyooshea mkono, wima, kama mkuu wa stesheni.

"Safari ilikuwaje?"

Kutoka Tassia! Matatu mbili tu.

"Ilikuwa ndefu, baba," Dishon akasema.

Opicho akafungua mdomo aseme jambo. Nikamkanyaga mguu.